Lori Nililoogopa Kulitaja

Shida yangu ilianza mwaka wa 1961, nikiwa na miaka kumi na miwili. Mvua ilikataa kuja, na ilipokuja ikaja yote kwa mpigo mmoja ikasomba tulichopanda. Baba alikufa kabla mahindi ya msaada hayajafika kwetu Mwala. Niliacha shule darasa la tatu. Sioni haya kulisema. Kuna watu walifika chuo kikuu na gari likiwazimikia njiani ni mimi wanayempigia simu.

Mama alibaki na watoto wawili, mimi na mdogo wangu, ambaye mwaka huo alikuwa hajaanza kutembea. Mama akienda foleni ya mahindi ya manjano, mimi nilimfunga mtoto mgongoni kama msichana wa nyumba, nikatembea naye nyuma ya mbuzi wa watu. Alinikojolea mpaka shati likaoza mgongoni. Naandika haya ili msomaji ajue kwamba huyo hakuwa ndugu tu. Nilimlea.

Nilianza na punda wa kuazima na mapipa mawili, nikiuza maji Machakos mjini. Kutoka kwa punda nikawa tanboi, yaani utingo, wa lori la mahindi, kutoka tanboi nikawa dereva, na mwaka wa 1983 nikanunua lori langu, kuukuu, la bluu. Nyuma, kwenye ubao wa kufungia mizigo, nilimwambia fundi aniandikie kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: JASHO LANGU.

Mdogo wangu alisimama akasoma, akacheka. Yeye nilimsomesha mpaka kidato cha nne, kwa hiyo alikuwa na maoni juu ya kila kitu.

"Si ungeandika Jasho Letu?"

"Na wewe ulitoa jasho gani?"

"Nilikutoa wewe jasho ukinibeba."

Alikuwa mtu wa maneno. Shule haikumsaidia kupata kazi ya ofisi, akaja kwangu nikamfundisha lori. Akawa dereva mzuri kuliko mimi, na hilo pia sikupenda kuambiwa.

Mwaka wa 1998 kulikuwa na njaa kubwa kusini mwa Sudan. Malori ya Kenya yalikodishwa kubeba chakula cha msaada kutoka Mombasa hadi Lokichoggio, na mengine yakavuka mpaka kwa msafara. Malipo yalikuwa mara mbili ya kazi ya kawaida, na kila mwenye lori alijua ni kwa nini. Kule kulikuwa na vita vya miaka mingi, serikali ya kaskazini na waasi wa kusini. Mimi nilitaka hayo malipo. Nilisema mgongo unaniuma, aende mdogo wangu. Mgongo wangu haukuwa na neno.

Alikuja nyumbani Mwala kumuaga mama, mke wake na watoto wake. Asubuhi nilimkuta akikaza kamba za turubai. Badala ya kumwambia nenda salama, nilimwambia hivi: "Usiliache lori. Ukirudi bila hilo lori, usikanyage hapa."

Akacheka. "Sawa, mdosi."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Sikuyasema kwa hasira. Ndivyo nilivyokuwa nikiongea na watu, na wengi watakuambia bado naongea hivyo.

Baada ya wiki sita madereva wenzake walirudi. Walisema ndege ya mabomu ilikuja, msafara ukatawanyika, kila mtu akakimbilia porini upande wake. Walipokusanyika siku ya pili yeye hakuwepo, na askari wa kule hawakuwaruhusu kurudi kutazama. Nilienda Lokichoggio mwenyewe. Nikazuiwa mpakani. Nilikaa pale siku tisa nikitazama barabara ya vumbi inayoingia Sudan, kisha nikarudi nyumbani nikamwambia mama kwamba hajulikani aliko.

"Hajulikani aliko si kufa," mama alisema.

Hapo ndipo nyumba yetu iliposimama. Mama alikuwa mtu wa kanisa, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kanisa halikumtoa. Kila msimu chakula cha kwanza kikitoka shambani, alichukua kidogo akakidondosha chini mlangoni, akawataja wafu wa nyumba yetu. Baba. Wazazi wa baba. Dada yake aliyekufa kwa uzazi. Kwetu, ukimtaja pale mtu aliye hai umemwita kifo. Na ukiacha kumtaja aliyekufa, anabaki nje, hana mlango. Basi kila msimu nilisimama nyuma ya mama nikisikiliza. Alitaja watatu, wanne, akanyamaza. Mkono ulibaki hewani na zile kunde. Kisha angejipangusa kwenye leso na kuingia ndani.

Mke wa mdogo wangu hakuwa mjane na hakuwa na mume. Akifika kwenye kinu cha posho, wanawake waliacha kuongea.

Na mimi nilianza kulisikia lori. Si kwa ndoto. Mchana, nimekaa kwa chai mjini, nasikia lori likipunguza gia kwenye mlima, na dereva anaijua gia ya gari lake kama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Ningeinuka. Likija, ni la mtu mwingine. Walioketi nami walidhani nina haraka ya biashara, nikawaacha wadhani hivyo.

Kisha mwaka wa 2002 Wasudani wakaletwa Machakos kuongea.

Uliza mtu yeyote wa mji ule. Tulikuwa tunavisikia vita hivyo redioni, ghafla wenye vita wanatembea kwa miguu hapa chini ya vilima vyetu. Serikali ya kaskazini upande mmoja wa hoteli walikowekwa, waasi wa kusini upande wa pili, na katikati Wazungu wa nchi kadhaa, kila mmoja na daftari lake. Polisi getini. Sasa, hoteli ilikuwa na bomba, lakini bomba la Machakos siku hizo lilikuwa likitoa upepo. Wakati huo mimi nilikuwa na bauza, gari la tangi la kusambaza maji, na maji ya hoteli nilileta mimi. Karibu kila siku niliingia ndani ya lile geti ambalo wakubwa wa mji hawakuruhusiwa kulipita.

Rafiki yangu aliyeiletea hoteli mbuzi wa nyama alikuwa Msomali wa pale mjini, mchinjaji, mtu niliyemjua tangu enzi za punda. Tulisimama getini tukikaguliwa na polisi.

"Mzee wa maji, hawa wataelewana?"

"Wataelewana siku bomba la Machakos litatoa maji."

"Usituombee mabaya, Mkamba. Lakini pia wasielewane upesi. Bado niko na mbuzi arobaini."

"Waria," nikamwita kama tunavyowaita Wasomali, "watu wanakufa huko."

"Najua wanakufa." Aliacha kucheka. "Kwetu pia wanakufa. Nakuambia kitu. Hiyo vita si ya hao wawili peke yao. Kuna mafuta ardhini. Huyu alipewa bunduki na nchi hii, yule akapewa na nchi ile. Leo baadhi ya hao hao wanakaa hapo ndani na madaftari, wanawaambia waweke bunduki chini."

Mimi mafuta hayakunihusu. Nilitaka risasi zisimame kwa muda unaotosha mtu kwenda na kurudi. Nilitaka nimlete mdogo wangu, au niletee mama habari moja iliyo kamili. Mama alikuwa amepita miaka sabini na mitano. Nilihofu atakufa na mkono wake bado uko hewani.

Basi nikaanza kuuliza. Upande wa kusini kulikuwa na kijana mmoja mrefu aliyewabebea wakubwa wake mafaili na kusimama mlangoni. Alikulia kambi ya wakimbizi kule Kakuma, Kiswahili chake kilishinda changu. Nilimwambia namtafuta mtu, Mkenya, alipotelea kwao mwaka wa 1998.

"Anafanana vipi, Baba?"

"Mwembamba. Mweusi. Jino la mbele limepasuka kidogo. Anapenda kuongea."

"Baba, kwetu sote ni wembamba na weusi, na meno ya mbele wengine tulishang'oa." Akaona sikucheka. "Samahani. Nitauliza."

Nikauliza madereva wao. Nikauliza wapishi waliokuja nao. Jino, umbo, sauti. Hata upande wa kaskazini niliuliza. Siku ya Ijumaa baadhi yao walikuja msikiti wa mjini, na yule rafiki yangu mchinjaji, ambaye alisoma Kiarabu madrasa, alinisimamisha nje ya uzio akamwita mzee mmoja mwenye kilemba cheupe. Wakaongea. Mzee akanigeukia, akasema neno.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama mama yako yuko hai."

"Mwambie yuko."

Mzee akasema tena, polepole. Rafiki yangu akanitafsiria: "Anasema na wao wako na vijana wengi walioenda kusini, mama zao wanauliza vivyo hivyo. Anasema yeye ni mtu wa sheria, hajui ndege zilienda wapi. Anasema Mungu amrudishe kama yu hai, na amrehemu kama amekufa."

Alinipa mkono. Ulikuwa laini, mkono wa kalamu. Nilitaka kumchukia, nikakosa pa kuanzia.

Nikuambie sasa kosa langu, maana miezi yote hiyo sikuliona. Kwa watu wote hao niliuliza habari za mtu. Neno lori halikutoka kinywani mwangu hata mara moja. Nilikuwa nimejiwekea sheria. Nilimwambia asirudi bila lori, na niliona kwamba nikienda kwa wageni nikiuliza, "Je, mmeona lori langu?" basi Mungu atanisikia, na marehemu atanisikia kama ni marehemu, nao watajua nilichokuwa nikikitafuta hasa. Nilikuwa nikijiadhibu. Adhabu hiyo ilimwangukia mama.

Mwezi wa saba siku moja nilifika nikakuta getini ni kelele. Watu wanakumbatiana, kamera, magari yanapiga honi. Wametia sahihi! Kijana wa mafaili alinishika mabega akanitikisa. Nilimwaga maji yangu haraka, nikaendesha bauza tupu mpaka Mwala bila kusimama.

Mama alikuwa ameketi nje. Nilimwambia, "Mwaitu, vita vimeisha." Hivyo ndivyo sisi humwita mama.

"Vimeisha?"

"Wametia sahihi. Nimewaona kwa macho yangu."

Alisimama, akachukua jembe, akaenda kuchimba udongo mwekundu wa kukandika nyumba ya mdogo wangu, ambayo ukuta wake ulikuwa umeanza kubomoka. Alimwita mke wa mdogo wangu wakakandika pamoja, siku mbili. Wakatoa kitanda nje kukianika. Mke wangu alinitazama jikoni akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Una uhakika?" Nikamwambia asiniulize mambo ya wanaume. Mbuzi wa kiume mwenye baka jeupe akatengwa asiuzwe. Kila alasiri mama alihamisha kiti chake mpaka karibu na barabara, akaketi akitazama upande wa Machakos.

Mimi sikuwa nimeuliza wametia sahihi makubaliano ya nini. Mtu wa darasa la tatu akiona karatasi na watu wanalia kwa furaha, anadhani mambo yamekwisha. Mwezi wa tisa waasi waliteka mji mmoja mkubwa kule kusini, na wajumbe wa serikali ya kaskazini wakafunga mabegi wakaondoka. Niliwaona wakipakia. Yule mzee wa kilemba alinipita bila kunitambua.

"Si walikubaliana?" nilimuuliza rafiki yangu mchinjaji.

"Walikubaliana kuhusu kesho. Jinsi watu wa kusini watakavyojiamulia, miaka ijayo. Kusimamisha risasi leo, hiyo hawakuandika."

"Na hukuniambia?"

"Uliondoka mbio na bauza, mzee! Ningekukimbiza na mbuzi mabegani?"

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa pale kwenye kiti, karibu na barabara. Nilimwambia bado wanapigana.

"Ulisema vimeisha."

"Walisema, Mwaitu."

"Hapana. Wewe ndiye ulisema. Mimi sikuongea na Msudani yeyote."

Alibeba kiti chake mwenyewe akakirudisha. Nilitaka kumpokea, akanikataza kwa kiwiko. Kitanda kikarudi ndani. Ile harufu ya udongo mbichi ilikaa kwenye boma wiki nzima, na kila nikiingia ilikuwa kama nimekuta nyumba ya mtu anayetarajiwa.

Mwezi wa kumi wakarudi. Safari hii walitia sahihi jambo lile lile nililolitaka, kwamba bunduki zinyamaze wakati wanaongea. Sikupiga honi. Sikuenda kumwambia mtu. Nilisimama nyuma ya hoteli nikijaza tangi lao, na yule kijana wa mafaili akaja kunisalimia. Alikuwa amekonda.

"Baba, yule mtu wako sijampata. Nimeuliza mpaka kwa makamanda."

Sijui ni nini kilinilegeza. Labda ule uchovu wa kumwona mama akibeba kiti. Nilisema, "Alikuwa dereva. Alikuwa na lori."

"Lori gani?"

"La bluu. Nyuma limeandikwa..."

Hakuniacha nimalize. Alibana mafaili yake kwapani kwa nguvu. "Jasho Langu?"

Mpira wa maji ulinitoka mkononi.

"Baba, kwa nini hukusema lori? Mtu nani atamkumbuka, Wakenya waliopita kwetu ni wengi, nami nilimtafuta aliye hai. Lakini lori! Kule hakuna kitu barabarani. Lile limeungua likabaki hapo, ng'ambo ya mto mkavu, ule ubao wa nyuma haukushika moto. Ni mahali sasa. Watu wakitaka kukutana wanasema, tukutane Jasho Langu. Watoto wamezaliwa wanapaita hivyo, hata hawajui ni Kiswahili."

Nilimuuliza habari za dereva. Aliyashusha mafaili, akanieleza.

Kijana mwenyewe alikuwepo. Alikuwa ametoka kambini akajiunga na waasi mwaka mmoja kabla, na siku hiyo walikuwa wametumwa kupakua magunia. Ndege iliposikika waliwaamuru madereva wote washuke wakimbilie porini. Wakashuka. Mmoja akabaki usukani, anajaribu kuliingiza lori chini ya miti. Walimpigia kelele. Alitoa kichwa dirishani akajibu kwa kelele vile vile, akicheka, kwamba hawezi kuliacha, mwenyewe ni kaka yake na kaka yake ni mkali.

"Ndege ilikuwa ya nani?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Wakati ule hatukuuliza, Baba. Tulimzika sisi wenyewe. Karibu na hapo, chini ya mti. Nilishika miguu."

Maji yalikuwa yamejaa tangi, yanamwagika, yanapita katikati ya viatu vyetu kwenda kwenye maua. Askari alinifokea kutoka upande wa pili. Kijana ndiye aliyefunga vali.

Niliondoka nikafika Mwala jua likiwa bado juu. Mama alikuwa akipembua mbaazi kwenye ungo. Niliketi chini, si kwenye kiti. Nilimwambia mahali, mto mkavu, mti, na kwamba walimzika watu wenye heshima. Aliendelea kupembua. Ningeweza kunyamaza hapo, habari ilikuwa imetimia. Nikamwambia pia kwa nini hakushuka, na maneno niliyomwambia asubuhi ile akikaza turubai.

Mikono yake ikasimama.

"Nilikuwa jikoni," akasema. "Niliyasikia."

"Ulisikia?"

"Ukuta ni wa udongo, wewe unaongea kama ng'ombe. Niliyasikia. Miaka minne nimekuwa nikingoja uyaseme."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza halafu unijibu nini? Kwamba mgongo ulikuwa ukikuuma?"

Asubuhi iliyofuata alinyolewa nywele, na mke wa mdogo wangu akanyolewa. Mama alichukua uji kidogo akaumwaga mlangoni, akamtaja baba, wazazi wa baba, dada yake, na kisha akamtaja mwanawe wa mwisho, kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Yule mbuzi wa baka jeupe tulimchinja. Nilikula. Nyama ilikuwa ngumu.

Mama aliishi miaka mitatu zaidi. Alikula kwangu, nilimpeleka hospitali, nilimjengea choo cha ndani. Lakini kabla ya siku ile alikuwa akiniita "mwana wakwa", mwanangu, hata mbele ya wageni. Baada ya hapo aliniita kwa jina langu, lile la kitambulisho. Hakunifokea wala hakunilaani. Aliniita hivyo mpaka alipokufa, mwaka ule ule Wasudani walipotia sahihi ya mwisho kule Nairobi.

Mwaka wa 2006 nilienda. Njia ilikuwa imefunguka. Hapakuwa na lori. Vyuma vilikuwa vimekatwa vikauzwa, na ule ubao mtu aliuchukua kufanya mlango. Wenyeji walinionyesha mti. Wengine wakaja wakasema siyo huo, ni ule. Wakabishana mbele yangu, watu wazima, kila mmoja akiapa. Nilichukua udongo chini ya mti wa kwanza na chini ya mti wa pili nikautia kwenye mfuko mmoja, nikauzika Mwala kando ya mama. Nusu ya kaburi lile ni udongo wa bure tu. Sijui nusu ipi.

Watu wa vikao hunikaribisha niseme jinsi mtu asiyesoma alivyofanikiwa, nami huwaambia habari za punda na mapipa. Haya mengine sikuwaambia.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vitano hapa Mwala. Bauza mbili zinazotembea na moja iliyosimama. Ng'ombe saba, mbuzi thelathini na kitu. Ploti Matuu yenye vibanda sita vya kupangisha. Kisima cha kuchimbwa kwa mashine, chenye maji ya chumvi kidogo lakini hayakatiki. Ekari kumi na nne za juu, upande wa barabara. Ekari kumi na nne za chini, kando ya mto, zenye rutuba kuliko hizi, zina hati ya jina la mwana wa kwanza wa mdogo wangu. Hizo sizihesabu.